Mbele ya Kirangozi Hapiti Mtu

Jumapili, 1 Septemba 2024. Tabora.

Nimeduwaa.

Baada ya alasiri Shangazi Thuraya alituita ukumbini, mimi na binamu yangu Alamin. Akasema anakwenda Muscat kwa binti yake Ruaa na hajui atarudi lini. Nikamwambia asiwe na shaka, nyumba nitaitunza. Akasema nyumba bado hajaamua amwachie nani.

Hajaamua! Mimi nimezaliwa chumba cha uani. Baba yangu alifia chumba cha uani. Mpaka leo nalala chumba cha uani. Alamin kazaliwa Dar es Salaam, amekuja likizo, na viatu vyake vina hewa ndani ya soli. Akipewa nyumba yeye, chumba changu kitakuwa stoo.

Chanzo cha yote ni wageni. Siku hizi watu wanakuja kutembea kwa miguu njia ya zamani ya misafara, na wanataka kulala nyumba ya zamani. Shangazi anataka walale kwetu. Kasema atakayeshika ufunguo lazima awe anaijua njia kwa nyayo zake mwenyewe. Hapo akanitazama kwa mapenzi. Miaka yote hii nimesimulia kwenye baraza la kahawa jinsi nilivyoipita njia hiyo mara kadhaa, peke yangu, na fimbo tu.

Ukweli naiachia shajara hii: upande wa magharibi sijawahi kwenda kwa miguu kupita stesheni.

Uamuzi ni huu. Tutapelekwa Usoke kwa treni, turudi kwa miguu. Atakayeingia kwanza kwenye mlango wa mbele ndiye mwenye ufunguo. Shahidi ni Mwalimu Pelagia wa Kipalapala, rafiki wa Shangazi tangu usichana, mwalimu mstaafu wa historia. Mkatoliki wa kila asubuhi. Hajawahi kusema uongo, na inaonekana usoni.

Nikimbizane na viatu vya hewa? Nimekwisha.

Jumatatu, 2 Septemba. Tabora.

Sijakwisha. Mimi ni mtu hatari.

Mwalimu Pelagia alikuja kunywa chai. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa unyenyekevu misafara ya zamani ilitembeaje. Akaeleza, na mimi nikamsikiliza mdomo wazi. Kumbe kila msafara ulikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia, mwenye kofia ya manyoya. Nyuma yake wapagazi mstari mmoja. Na kulikuwa na sheria: mbele ya kirangozi hapiti mtu. Anayempita anatozwa faini.

Nilikaribia kumbusu mkono. Nikamwambia Shangazi kwamba kama tunafuata njia ya wazee basi tufuate na sheria ya wazee. Akafurahi mno, macho yakamlowa. Mwalimu naye akaunga mkono. Nikajitolea kuwa kirangozi, kwa uzoefu wangu. Nikaongeza kwamba kirangozi hashauriwi wala hasahihishwi njiani, asije akavunjiwa heshima. Hilo la pili nilitunga mimi, lakini Mwalimu alikuwa anatafuna kashata, hakupinga.

Alamin alikubali. Alikubali bila neno moja, huku anachezea simu. Hajagundua kwamba mtu asiyeruhusiwa kunipita njiani hawezi kunitangulia mlangoni. Namhurumia.

Jioni nikatengeneza kofia. Jogoo wa Shangazi alikuwa na mkia wa kifalme, sasa hana. Alinitazama kwa namna ambayo sikutegemea kutazamwa na kuku.

Nimempanga pia Sixbert wa bodaboda. Atanisubiri katikati ya pori, anipunguzie safari.

Jumanne, 3 Septemba. Usoke.

Tumefika salama. Mwenye punda wa kubeba mizigo anaitwa Zablon, mkulima wa tumbaku, mwimbaji wa kwaya ya Moraviani. Alinisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, akashika mkono wangu kwa mikono miwili, akasema ni heshima kutembea na mtu aliyeipita njia peke yake. Kisha akaniuliza huwa napita porini au huwa nazunguka kilima.

Nikasema kote kote.

Halafu, nikiwa nimelala chali, likaniingia wazo baridi. Kirangozi anatangulia. Wote wanatembea nyuma yake, wanamwona mgongo tangu asubuhi hadi jioni. Sasa kirangozi atapandaje bodaboda?

Sikulipata jibu. Na kuna swali la pili, baya zaidi. Kirangozi lazima ajue njia.

Nimelijibu hili: nitafuata reli. Reli inakwenda Tabora, kila mtu anajua.

Jumatano, 4 Septemba. Porini.

Nilivaa kofia, nikainua fimbo, nikashika reli. Sijafika mbali Mwalimu Pelagia akauliza kwa upole misafara ilianza lini kutembea juu ya mataruma. Hata punda alikuwa anasubiri jibu.

Nikasema nilikuwa nawaonyesha tu reli ilipo. Nikakata kushoto, nikaingia kwenye miombo kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake.

Sheria yangu inatisha. Nikisimama, wanasimama. Nikiruka gogo ambalo lingeweza kuzungukwa, wote wanaruka, na Mwalimu ana miaka sabini na ushei. Nilikwenda kichakani kwa haja yangu binafsi, nikageuka nikakuta msafara mzima umejipanga nyuma yangu na punda wao. Ikabidi nijifanye nakagua mti.

Mchana tulisali. Alamin alitazama kibla kwenye simu, tukaelekea mkono wa kushoto wa njia. Vizuri sana. Mwalimu alikaa pembeni na rozari yake, Zablon akala michembe, viazi vyake vikavu.

Tulipita bani la kukaushia tumbaku lenye mlango wa bluu. Zablon akasema ni la shemeji yake.

Baada ya hapo nilifuata kijia kizuri, kilichofyekwa kwa uangalifu. Nikawaambia hiki ndicho chenyewe, wazee walikipenda. Kikaishia chini ya mti wenye mizinga. Nyuki walitupokea wote bila ubaguzi. Nilikimbia, na Mungu shahidi yangu nilibaki mbele. Nilisikia hatua zikinikaribia, nikajua ni Alamin na hewa yake. Alikuwa ni Mwalimu Pelagia. Alinifikia, akapunguza mwendo, akabaki nyuma yangu kwa heshima ya mila huku nyuki wanamla shingo.

Nimevimba jicho moja. Sixbert hapatikani, hakuna mtandao.

Alhamisi, 5 Septemba. Juu ya kilima, kisha chini yake.

Leo nilikiona kilima cha mawe, nikapata akili. Nikifika juu nitaiona Tabora, nitaielekea moja kwa moja, yamekwisha.

Nikatangaza kwamba kirangozi hupanda. Wakapanda. Mawe yanaunguza viganja, yanateleza, mbung'o wanauma juu ya nguo. Punda aligoma mara nyingi; Zablon alimwimbia tenzi akaendelea. Alamin aliteleza, kiatu kimoja kikatobolewa na jiwe, hewa yote ikatoka. Nilimpa pole. Moyoni nilikuwa na sikukuu.

Tukafika kileleni. Nikatazama. Miombo. Nikageuka upande mwingine. Miombo. Pande zote miti ileile, kama mtu aliichapa kwa muhuri. Nilishikwa na mshtuko mpaka nikakaa juu ya jiwe, na wote wakakaa kwa sababu nimekaa. Mwalimu akasema anashukuru, alikuwa amechoka. Akauliza Tabora iko wapi. Nikanyoosha fimbo palipokuwa na mwanga mzuri.

Tukashukia huko.

Hapa karibu na tulipolala tulipita bani jingine la tumbaku, nalo lina mlango wa bluu. Watu wa huku wanapenda sana bluu. Zablon alimsalimia mtu mlangoni, akacheka, akarudi kwenye mstari. Hakusema kitu. Nikaona sawa, hiyo ndiyo nidhamu ninayoitaka.

Ijumaa, 6 Septemba. Mahali nitakapopataja mwishoni.

Mchana, wakati wa kusali, Alamin akatandika msala kuelekea mkono wa kulia wa njia.

Nikamwambia amekosea. Juzi kibla ilikuwa kushoto. Akanionyesha simu, mshale unaelekeza kulia. Nikamwambia simu imeharibika kwa kuanguka kilimani. Akasema haikuanguka. Nikamwambia basi ni joto. Kibla haihami, nikamwambia, Makka iko palepale tangu babu zetu, haiwezi kuwa kushoto Jumatano na kulia Ijumaa. Akakubali kwamba kibla haihami. Alisema hivyo taratibu sana, huku ananitazama, kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Sikumwelewa. Nikatandika msala wangu kushoto. Tukasali tumepeana visogo, yeye kwake na mimi kwangu, kijia kikipita katikati. Mwalimu Pelagia alitutazama, akafanya ishara ya msalaba, akarudia rozari kutoka mwanzo.

Alasiri nzima jua lilitupiga usoni. Nililifokea mara moja kwa kutuandama.

Kisha, alhamdulillahi, reli! Na nyuma ya reli mabati, mnara wa simu, watu. Mji! Machozi yalinitoka kwenye jicho zima. Niliiweka sawa kofia, nikainua fimbo, nikawageukia nikatangaza kwamba mimi, Nasor, kama babu zangu, nimewafikisha Tabora. Hakuna aliyeshangilia. Zablon akasema anashukuru, maana mke wake alikuwa anamsubiri. Nikamwuliza mkewe anafanya nini Tabora.

Akasema mkewe yupo nyumbani. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha stesheni.

Usoke.

Nilikisoma kibao kile. Nikakisoma tena. Nilikigusa. Ni bati, ni rangi, ni Usoke. Nikakaa kwenye mataruma, na safari hii hakuna aliyekaa nami.

Nilimwuliza Zablon kwa nini alinyamaza. Akasema alipoona tumepita kwa shemeji yake mara mbili, mara ya pili tukitokea upande wa pili, alidhani ndiyo mila. Nikamwuliza Alamin. Akasema aliona kwenye simu tangu jana, lakini kirangozi hasahihishwi njiani. Mbona nilisema mwenyewe, na Shangazi akasikia.

Nyoka. Nyoka katika kiatu kisicho na hewa.

Ikawa bado haijatosha. Alamin akamwuliza Mwalimu Pelagia je, kirangozi aliyeurudisha msafara ulipoanzia bado ni kirangozi? Mwalimu akafikiri kwa uaminifu wake wote. Akasema safari hiyo imekwisha, na mpya inahitaji mtu mpya. Akanivua kofia kwa mikono yake mwenyewe, akampa Alamin. Ikamkaa vizuri kuliko mimi.

Na mbele ya kirangozi hapiti mtu.

Jumapili, 8 Septemba. Porini, njia nyingine, kisha Kipalapala.

Siku mbili naangalia mkia wa jogoo kwenye kichwa cha Alamin. Amekifunga kiatu chake kamba ya katani, anachechemea, lakini hasimami. Njia yenyewe ni nyepesi kiasi cha kutia aibu. Wenyeji wanapita na baiskeli za mkaa na kutusalimia.

Nilijaribu mbinu tatu. Nilijifanya naumwa: wakanipakia juu ya punda, nyuma ya Mwalimu kwenye mstari, na watoto wa kijijini wakafurahi. Nilipendekeza njia ya mkato: Alamin akasema kirangozi hashauriwi. Nilimwambia Mwalimu kwamba mila hii ni ya kizamani na huenda inawaonea watu. Akasema juzi sikuiona hivyo.

Usiku huu tupo Kipalapala, nyumbani kwa Mwalimu. Ametupikia wali na kuku. Nilipokuwa namshika paja yule kuku nilimkumbuka yule jogoo, hamu ikapungua. Alamin alinawa miguu, malengelenge yametumbuka, akacheka akasema nyumba ya Shangazi inahitaji mabafu mapya, na ule uani ungefaa sana kuwa jiko la wageni.

Uani. Jiko. Nilitoka nje nikasimama gizani. Kitanda cha baba yangu kiko uani. Nilikuwa na uchungu wa kweli, siandiki kuchekesha.

Hapo simu ikaita. Mtandao umerudi. Ni Sixbert. Anauliza kama bado namhitaji, amechoka kusubiri kule porini.

Jumatatu, 9 Septemba. Tabora. Siwezi kukaa, naandika nimesimama.

Mpango ulikuwa safi. Sheria inakataza kumpita kirangozi njiani. Haisemi kitu kuhusu mtu aliyeamka mapema, akaenda msalani, akachukuliwa na bodaboda kwa njia nyingine kabisa. Simpiti. Natokea tu ndani.

Sixbert alinishusha nyuma ya nyumba. Kutoka mbele nilisikia zumari na vigelegele, Shangazi amealika mtaa mzima kupokea msafara. Nikapanda ukuta wa uani, nikashukia kwenye banda.

Banda halikuwa tupu. Jogoo alikuwamo. Jogoo asiye na mkia.

Alinijua. Sijui kuku wanakumbuka vipi, lakini alinijua hata kwa jicho langu lililovimba. Alinirukia, nikakimbilia jikoni, akaja jikoni. Nikaingia ukumbini, akaja ukumbini, ananidonoa mahali ambapo sasa sipakalii. Mbele yangu mlango mkubwa wa nakshi ulikuwa wazi, jua linaingia. Nikatoka kwa kasi, mikono juu, jogoo nyuma yangu, moja kwa moja kwenye kifua cha Alamin aliyekuwa anainua mguu kuvuka kizingiti.

Zumari ikanyamaza. Mtaa mzima ukanitazama. Zablon akamshika punda, Mwalimu Pelagia akashika rozari. Shangazi Thuraya akauliza Nasor ametokea wapi.

Nikasema, kwa sauti ya kisheria, kwamba masharti yalikuwa nani wa kwanza kwenye mlango, na mimi ndiye wa kwanza kwenye mlango, na hakuna aliyetaja kuingia au kutoka.

Shangazi akasema yeye alitaja kuingia. Mwalimu akathibitisha. Baraza zima la kahawa likathibitisha, na siku ile halikuwapo.

Kisha Shangazi akamwuliza Mwalimu kama nilitembea. Nikamtazama Mwalimu kwa jicho langu moja la kuomba. Akasema nilitembea sana, nimetembea kuliko wote, kwa sababu nilitembea kutoka Usoke mpaka Usoke. Akaeleza mengine yote. Nyuki. Kilima. Kibla. Aliposema kibla imam wetu alifunika uso kwa kanzu, nikaona mabega yanamtikisika. Baadaye aliniambia nisali upya zile nilizosali upande wangu.

Alamin akavuka kizingiti. Ufunguo akapewa.

Nilijifungia chumbani nikaanza kufunga vitu vyangu. Si vingi. Kitanda hakiingii kwenye sanduku, nikakikalia, nikainuka haraka. Alamin akabisha hodi. Akasema kitanda kisiondolewe, chumba ni changu, jiko atalijenga upande mwingine. Alisema pia faini ya kumpita kirangozi ni kumhudumia jogoo asubuhi na jioni, amri ya Shangazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila ubaya wake, huu wema ulinikuta sina silaha.

Alhamisi, 12 Septemba. Tabora.

Shangazi ameondoka. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniambia ninyooke. Nikamwahidi.

Kofia ameitundika Alamin ukumbini, juu ya mlango. Jogoo bado ananidonoa, lakini sasa ananisubiri kwanza nimwage pumba.

Leo wamekuja wageni wa kwanza, mume na mke kutoka ng'ambo, wenye mabegi makubwa na nyuso nyekundu. Wamelala chumba cha mbele na wamekisifu kitanda. Wanataka kutembea kwa miguu hadi Ujiji. Alamin anarudi Dar es Salaam keshokutwa kumalizana na mwajiri wake, hawezi kuwapeleka. Walikuwa wamekaa wanasononeka ukumbini, nikawaonea huruma.

Wakaniuliza kama kuna mtu anayeijua njia. Nikawaambia nimeipita mara kadhaa, peke yangu, na fimbo tu. Nikawaeleza pia sheria yetu ya zamani, kwamba kirangozi hapitwi wala hasahihishwi, wakaiandika kwa furaha.

Sixbert nimeshamwambia. Kilichobaki ni kofia mpya. Jogoo wa jirani ana mkia mzuri kuliko wa kwetu.